Maji ya Mara Mbili

Matango niliyapanda kwa hasira. Watu husema mmea hupandwa kwa upendo, nami sibishi, lakini jioni ile sikuwa na upendo wa ziada. Nilikuwa nimeshinda nikipiga pasi mashuka ya hoteli, nikarudi nikafua mashuka ya mama, nikambeba mama kutoka kitandani hadi kwenye kiti, nikambeba tena kutoka kwenye kiti hadi kitandani. Kiuno kilikuwa kinauma mpaka nikakisemesha. Ndipo nikachukua jembe.

Mama alikuwa ameanguka bafuni, akavunjika nyonga. Hospitali walimfanyia upasuaji, wakamrudisha nyumbani, na mtaalamu wa mazoezi akawa anakuja kumnyoosha miguu. Siku yake ya mwisho aliniita pembeni. Mfupa umeunga vizuri, akasema, nguvu zipo, kilichobaki ni yeye mwenyewe kutaka. Akatuachia fremu ya chuma ya kutembelea, yenye miguu minne na vifuniko vya mpira chini. Mama aliitazama kama mgeni aliyekuja bila kualikwa. Kesho yake nikaikuta pale pembeni ya kitanda, imetundikwa kanga mbili na taulo.

"Mama, hiyo si kamba ya nguo."

"Basi itolewe. Inajaza chumba."

Majirani humwita Kengele. Maisha yake yote ya kazi alikuwa mlezi wa bweni la wasichana, na ndiye aliyepiga kengele ya kuamka, ya kula na ya kulala. Alipostaafu kengele ilibaki shuleni, sauti akaja nayo. Mtu wa namna hiyo akikwambia hawezi kusimama unamwamini, maana hujawahi kumsikia akikubali kushindwa na kitu. Mimi nilimwamini.

Tuko watoto wawili tu, kaka yangu na mimi kitinda mimba. Kaka tumempa jina la Mkurugenzi, mimi na mume wangu, kwa sababu kila jambo la familia huliongoza kwa simu. Mama alipotoka hospitali, Mkurugenzi aliitisha kikao, yeye akiwa ofisini kwake na mimi nikiwa nimeshika beseni. Uamuzi ukawa kwamba mama hawezi tena kuishi peke yake. Mimi nihamie kwake nimuuguze mpaka atembee. Akishatembea, Mkurugenzi atamchukua akakae kwake ghorofa ya nne, nami nitarudi kwa mume wangu, nyumba ya mama itafungwa. Ghorofa yenyewe haina lifti, kwa hiyo kila kitu kilisubiri miguu ya mama.

Mama alisikia yote, simu ilikuwa kwenye spika. Hakusema neno. Na mimi kwa uchovu wangu sikujiuliza Kengele amenyamaza kwa nini.

Nikahamia. Mume wangu, fundi viatu, alinisindikiza na begi, akaniambia, "Mama ni mama. Nenda tu, nyumba ipo." Mwanzoni alinirudia maneno hayo kila Jumapili nilipopita kumwona. Baadaye akaacha kuyasema. Akawa ananichemshia chai, nami nasinzia na kikombe mkononi, saa ya kuondoka ikifika ananigusa bega. Hatukuwa na ugomvi. Tulikuwa tumechoka kila mtu upande wake wa mji, na huo nao ni ugonjwa.

Mama akaanza kukataa chakula. Anaonja, anasukuma sahani. Ndipo nikakumbuka matango. Nyuma ya nyumba, chini kabisa ya dirisha la chumba chake, kuna kipande cha ardhi ambacho kila msimu alikuwa akipanda matango, na sasa kilikuwa kimejaa magugu. Mimi bustani siijui. Maua ya plastiki yenyewe kwangu hukusanya vumbi mpaka yanainama. Lakini mama namjua. Hawezi kuona kazi ikifanywa kijinga mbele ya macho yake akanyamaza. Nikasema nitapanda matango hapo dirishani, nitayapanda vibaya, na kama miguu imekataa mazoezi labda hasira itamwinua. Kupanda vibaya hakukuhitaji juhudi yoyote.

Miche niliinunua kwa mama mmoja anayeuza karibu na hoteli yetu, imo kwenye viriba, vile vifuko vyeusi vya plastiki, kila mmoja na majani yake mawili matatu. Nikachimba, nikamimina samadi, nikachana kiriba cha kwanza, nikauvuta mche kwa shina.

Dirisha la kando ya kitanda chake likafunguka kwa kishindo.

"Wee! Usiushike shingo! Nani amekufundisha kushika kitoto kwa shingo?"

"Nishike wapi sasa?"

"Shika udongo wake! Tango halitaki kuguswa mizizi. Chana kiriba chini, uweke mzima mzima na udongo wake. Na shimo hilo la nini, unazika mbwa?"

Nilifurahi, ila sikuonyesha. Alinipigia kelele mpaka giza likaingia. Nikakata miti ya kutambalia, nikaichomeka mstari mmoja kando ya tuta, kuanzia kwenye mlango wa nyuma hadi kwenye ukuta wa jirani. Mama akasema miti imesimama kilevi. Nikamwambia kama ana mikono aje aichomeke mwenyewe. Akafunga dirisha.

Usiku huo alimaliza sahani.

Nikajiwekea utaratibu. Kila alfajiri kabla ya kwenda kazini nilichukua kopo lake la zamani, lililotobolewa kwa msumari, nikamwagilia miche chini kwenye shina, kisha nikaliosha kopo bombani na kuliacha hapo hapo. Saa hizo pazia lake lilikuwa bado limefungwa. Sikumwambia, sikuona la kutangaza.

Wiki za kwanza miche ilikwenda vizuri, mpaka nikaanza kujiona mtu wa shamba. Mama naye akapata rangi. Anakula, ananiuliza ya kazini, mashavu yamejaa. Kusimama bado. Kila nikimwinua, "Polepole! Nyonga!" Nami polepole, nikimkumbatia kiunoni, uzito wake wote mabegani mwangu, na jinsi alivyokuwa anakula vizuri uzito nao ulikuwa unaongezeka.

Halafu mambo yakaharibika. Kila jioni nikirudi naikuta miti imelala upande, mmoja huku, mwingine kule. Naichomeka upya, kesho yake imelala tena.

"Kuku wa jirani hao," mama akasema kitandani, bila hata kugeuza kichwa.

"Kuku anasukuma mti mzito vile?"

"Wewe huwajui kuku."

Nikaenda kugombana na jirani juu ya kuku wake. Jirani akaniambia kuku wake aliwauza zamani. Sikumwamini. Kisha majani yakaanza kuwa ya njano, kuanzia ya chini yakipanda juu. Mche mmoja ukaanguka, shina limeoza pale linapogusana na udongo. Ukafuata mwingine, na mwingine. Tuta lilijaa inzi wadogo wadogo, na nikikanyaga ukingo, viatu vinazama. Nikasema hiyo ni miche mibovu, mama yule kaniuzia ugonjwa. Nikang'oa mmoja na udongo wake nikaupeleka kwake, nikautupa juu ya meza yake mbele ya wateja.

Hakukasirika. Alichukua bonge la udongo akalikamua. Maji yakatoka, yakamchuruzika mpaka kwenye kiwiko.

"Dada yangu," akasema, "wewe unamwagilia au unafua?"

Wateja wakacheka. Mimi dobi, nikaona kama amenijua.

"Namwagilia mara moja tu, alfajiri. Kopo moja kwa mche."

"Haya. Labda na mvua za kwenu zina siri."

Mvua haikuwa imenyesha. Niliondoka nimefura. Nikajiambia wauza miche wote ni waongo, jirani mwenye kuku ni mwongo, na dunia nzima imejipanga kuninyima matango. Ukichoka sana huwa huoni kilicho mbele yako, unaona maadui tu.

Siku mbili baadaye boila ya hoteli ikafa, na bila mvuke hakuna pasi. Msimamizi akatuambia twende nyumbani. Nilifika mchana kweupe, saa ambayo sijawahi kuwa pale tangu nihamie. Nikapita nyuma ya nyumba ili nianue nguo kwanza.

Mama alikuwa amesimama kwenye bustani.

Alikuwa peku, matope mpaka kwenye kifundo. Mkono mmoja ameshika mti wa matango, mwingine ameshika kopo, anamwagilia. Akamaliza mche ule, akaegemea mti, mti ukalala, akavuta mguu, akashika mti unaofuata. Hatua kwa hatua, mti kwa mti, kama mtu anayeshika kamba. Miti yangu niliyoipanga kuanzia mlangoni.

Aliponiona hakushtuka. Alinitazama kama msichana wa bweni aliyechelewa.

"Mbona umewahi?" akasema.

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Nilitaka kulia, nikaona hata hilo ni kazi. Nikakaa chini juu ya ndoo iliyogeuzwa.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu ulipochomeka miti. Nilikuja kuinyoosha, haikunyooka."

"Jana umenifanya nikubebe kwenda bafuni. Jana, mama! Umeniambia polepole, nyonga."

"Nyonga inauma kweli. Jioni inauma."

"Na kiuno changu je? Mimi kiuno changu kinauma asubuhi, mchana na jioni!"

"Najua, mwanangu."

"Unajua?"

Akaliweka kopo chini taratibu, akabaki ameshika mti kwa mikono yote miwili. Miguu ilikuwa inatetemeka, na nilijua napaswa kuinuka nikamshike, lakini kwa mara ya kwanza nilikataa.

"Kule juu hakuna udongo," akasema. "Nikizipanda ngazi zile, siku nitakayozishuka nitakuwa nimebebwa na watu wanne. Nikitembea tu, naenda. Nyinyi wenyewe mlisema, nimesikia kwa masikio yangu."

"Kwa nini hukusema hutaki?"

"Mngenikubalia?"

Nisingekubali. Ningesema Mkurugenzi anajua. Ningesema chochote ili nirudi kwangu nikalale.

"Mimi nina nyumba, mama," nikamwambia. "Nina mume, anakula peke yake. Nilidhani nauguza mgonjwa."

Ndipo nikaliona lile kopo, na tuta lililolowa, na miche iliyobaki minne tu.

"Unamwagilia kila siku?"

"Kila mchana. Wewe humwagilii, nilijua umesahau. Wewe kumwagilia umekuwa ukisahau tangu utotoni."

"Namwagilia kila alfajiri! Wewe ungali umelala!"

Tukatazamana. Angeniuliza tu angejua, lakini angeniulizaje bila kunieleza kwa nini anataka kujua? Nami nilinyamaza kwa kuwa sikuona la kutangaza. Basi matango yakawa yanahudumiwa na watu wawili wasiosemezana, na yakafa kwa kuhudumiwa.

Jioni hiyo sikumbeba. Nilimwambia aende bafuni mwenyewe. Akaenda, akishika ukuta, nami nikakaa jikoni nikisikiliza kila hatua, roho juu, nikiwa na hasira zangu mkononi kama pasi ya moto. Nilimwambia wazi kwamba Mkurugenzi akija mwisho wa mwezi kuangalia maendeleo, nitamwambia ukweli. Sitadanganya kwa ajili ya mtu.

"Sawa," akasema.

Tukaishi hivyo. Mchana anatembea ndani, sasa na ile fremu, majirani wasimwone, pazia limefungwa. Maji tuliyaacha kabisa mpaka tuta likakauka, kisha nikawa namwagilia mimi tu, nikichomeka kidole na kukuta udongo mkavu hadi kwenye kifundo chake. Miche minne ikajivuta, ikatoa majani mapya, ikapanda miti, ikachanua. Chini ya maua kukatokea vitango vidogo vya kuchekesha, vina miiba laini. Mama aliviona kabla yangu, lakini alinisubiri nivione ili nimwambie. Tulikuwa tunaongea kidogo kidogo. Hasira zilinichosha kuliko kubeba.

Kila siku nilishika simu nimpigie kaka. Kila siku nikairudisha mfukoni. Sikuwa na huruma nyingi, nisijisifu. Nilihesabu tu kwamba nikisema neno moja, kesho yake nalala kitandani kwangu. Halafu nilijiona nikifunga madirisha ya nyumba hii, na simu ikarudi mfukoni.

Asubuhi ya siku ya Mkurugenzi nilikuwa nabadilisha mashuka ya mama. Mguu ukagonga kitu chini ya kitanda. Begi. Alikuwa amefungasha vitu vyake mwenyewe bila kuniambia, nguo zimekunjwa kwa mistari ya bweni, sabuni, miwani, picha ya baba. Na juu ya yote, limefungwa kwenye kitambaa safi, kopo la kumwagilia.

Ghorofa ya nne. Kopo la kumwagilia. Nilibaki nimepiga magoti nimelishika. Mama alikuwa kwenye kiti chake dirishani, ananitazama. Nikalirudisha, nikalisukuma begi chini ya kitanda.

Mkurugenzi aliingia na manukato yake na funguo za gari mkononi, dalili kwamba hakai. Akamsalimu mama, "Shikamoo, mama," akambusu kipaji cha uso, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Haya, mdogo wangu. Maendeleo?"

Mama alikuwa kitandani, shuka mpaka kifuani, mikono juu ya shuka, na fremu pembeni imetundikwa tena zile kanga mbili na taulo. Hakunitazama. Alikuwa anaitazama dari, kama mtu anayesubiri daktari asome majibu.

"Bado, kaka," nikasema. "Hata kusimama hawezi."

Na pale pale, ndani ya kinywa changu mwenyewe, nilisikia mlango wa nyumba yangu ukifungwa. Nilijua nimejifunga miezi mingine, pengine mwaka. Nilimwona mume wangu na birika lake la chai. Nikasubiri kaka akasirike, aseme nimezembea, aitishe kikao.

Mkurugenzi alishusha pumzi. Mabega yalishuka, uso ukalainika, akaegemea kiti kwa mara ya kwanza tangu aingie.

"Aa," akasema. "Basi tusimharakishe. Mambo ya mifupa hayataki haraka. Na kusema kweli kile chumba chenyewe bado, tumejaza makabati humo, mke wangu anafanyia kazi zake humo... Wewe endelea, mdogo wangu. Hakuna anayejua kumtunza kama wewe."

Nilimtazama mama. Alikuwa ameacha kutazama dari, anamtazama mwanawe, si kwa hasira. Alimtazama muda mrefu, kama kuhakikisha kwamba ni yeye.

"Nenda, baba," akamwambia. "Usichelewe kazini."

Akaondoka. Tulisikia gari likiwaka, likikata kona. Mimi nilibaki nimesimama pale mlangoni, sijui nikae wapi.

"Kumbe," mama akasema, "nilikuwa namkimbia mtu asiyenifukuza."

Akalitupa shuka pembeni, akashusha miguu. Nilisogea kumshika, kiuno kikiwa tayari kimeshaanza kulalamika.

"Kaa," akasema.

"Mama, nyonga..."

"Nimesema kaa!" Ilikuwa ile sauti ya bweni, sikuwa nimeisikia tangu siku ya kupanda miche. Nikakaa kwenye kiti chake dirishani. "Kesho unarudi kwa mumeo. Kaka yako akipiga simu, mwambie nimesema hivyo. Mimi niko kwangu, na nikikuhitaji nitakuita. Sauti ninayo."

Akainuka mwenyewe, akazitupa nguo za kwenye fremu kitandani, akaishika, akatoka nje. Nilimsikia akienda, chuma na mguu, chuma na mguu, hadi kwenye mlango wa nyuma, kisha kwenye udongo ambako hakuna sauti. Kupitia dirishani nikamwona akitafuta chini ya majani, akipita matango mawili machanga, akichuma la tatu. Akarudi nalo limening'inia kwenye mfuko wa plastiki alioung'ata kwa meno, kwa kuwa mikono yote ilikuwa kwenye fremu. Nilitaka kucheka, usingizi ukanizuia.

Alilikata pale pale chumbani, kwenye meza ya kando ya kitanda, amesimama, akatia chumvi, akanipa kipande. Kilikuwa baridi, na kina maji mengi. Nakumbuka nilianza kumwambia kwamba ni tamu.

Niliposhtuka jua lilikuwa limegeukia upande wa pili wa nyumba. Viatu vilikuwa bado mguuni. Fremu haikuwepo pale pembeni ya kitanda, na mimi nilikuwa nimefunikwa kanga mbili na taulo.